Fuata Maji: Mazungumzo Kuhusu Matunzo ya Majengo Marefu ya Makazi

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba wenye nyumba na wapangaji, na ninyi vijana wetu mafundi. Wazee, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Arusha inapanda juu. Kiwanja kilichobeba nyumba moja yenye migomba uani leo kinabeba kaya 48, na chini yake pamechimbwa maegesho ya magari. Nyumba ya chini ina uvumilivu. Bomba likikatika unachota kwa jirani. Paa likivuja unakinga ndoo mpaka fundi apatikane Jumamosi. Jengo la ghorofa 12 halina uvumilivu huo. Pampu ikizimika saa nane usiku, alfajiri watu karibu 200 hawana maji ya kunawa uso. Jengo refu ni mtambo. Watu wanalala na kupika ndani yake, lakini ni mtambo, wenye ratiba ya ukaguzi na vipuri vyenye umri wake.

Leo tutalieleza kwa kufuata maji: yanavyopanda, yanavyoshuka, na yanavyopenya pasipotakiwa. Tumechagua njia hiyo kwa sababu magonjwa mengi ya majengo haya, hata ya lifti na ya nguzo, ukiyafuatilia mpaka kwenye shina unakuta maji.

Tuanze na kiasi. Kaya 48 za watu wanne wanne ni watu 192. Mpe kila mmoja lita 120 kwa siku, utapata lita 23,040. Tangi la chini liweke akiba ya siku mbili, yaani lita 46,000 hivi, kwa kuwa maji ya mamlaka huja kwa zamu na zamu huchelewa. Tangi la juu halihitaji ukubwa huo. Lita 10,000 zinatosha ikiwa pampu ni nzima. Hapa pana kosa tunaloliona mara kwa mara: maji yakisumbua, kamati inanunua tangi lingine na kulipandisha juu ya paa. Lita 10,000 ni tani 10, bila kuhesabu tangi lenyewe na stendi yake. Zege la paa lilipigiwa hesabu ya mzigo fulani, na hesabu hiyo ilifanywa na mhandisi kabla hata nondo hazijafungwa. Msipandishe tangi kabla hajasema liwekwe juu ya nguzo zipi.

Sasa pampu. Ghorofa 12 zenye kimo cha mita 3.1 ni mita 37. Ongeza stendi ya tangi, ongeza kina cha tangi la chini, kisha ongeza msuguano ndani ya mabomba, utafika kama mita 50. Kila mita 10 za kimo ni msukumo wa baa 1, kwa hiyo pampu lazima isukume baa 5 huku ikitoa maji ya kutosha. Kwa mita za ujazo 6 kwa saa, mota ya kilowati 2.2 inafaa, na tangi la juu linajaa kwa saa moja na dakika 40. Mtu akiwauzia pampu kwa kutaja nguvu za farasi peke yake, mwambieni awaonyeshe mchoro wake: kwa kimo cha mita 50 inatoa lita ngapi? Asipoweza kujibu, msinunue.

Kuna jambo linalowahusu zaidi watu wa mwinuko kama sisi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na msongo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake yenyewe. Inaondoa hewa kwenye bomba, na msongo wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yaingie. Basi pampu ambayo pwani ingevuta kutoka kina cha mita 7, hapa ipangieni 5 na nusu. Ukizidisha, maji yanachemka yakiwa baridi ndani ya pampu, viputo vinapasuka juu ya panga zake, na utasikia mlio kama wa kokoto zinazozunguka ndani ya chuma. Mkisikia kokoto, msibadilishe beringi kwanza. Angalieni bomba la kuvutia: je, ni refu mno, ni jembamba mno, au kichujio chake kimeziba? Dawa bora ni kuweka pampu chini, usawa wa kitako cha tangi, ili maji yaiendee yenyewe. Mwinuko huohuo unapunguza nguvu ya jenereta. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa hiyo jenereta iliyotosha kwenye makaratasi inaweza kuzimika pampu na lifti vikiwaka pamoja.

Fungeni pampu mbili, siyo moja. Zipeane zamu kila siku, kwa sababu pampu ya akiba iliyokaa miezi sita bila kuzunguka hukwama siku inapohitajika. Fungeni maboya mawili. La juu linaizima pampu tangi likijaa. La chini linaizima maji yakikauka. Hilo la chini ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloua pampu, maana sili ya pampu inapozwa na maji na ikizunguka bila maji inaungua kwa dakika chache. Juu ya pampu pawe na ile valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, mafundi wanaiita nonritani, na iwe ya springi. Pampu ikizima, mkuki wa maji wa mita 40 unarudi chini, na valvu nzito ikichelewa kufunga unasikia kishindo kinachotikisa kuta za ghorofa nzima. Watu hudhani ni mlango wa jirani. Kishindo hicho, kikirudiwa mara kumi kila siku, kinafungua maungio ya mabomba moja moja.

Bomba la kutolea maji ya ziada kwenye tangi la juu litokeze mahali panapoonekana na kila apitaye, mfano juu ya lango. Likimwagia kwenye mfereji wa paa, boya linaweza kuharibika na maji yakamwagika wiki mbili bila mtu kujua, na mtalipa ankara yake.

Msukumo nao unawatesa watu wa pande zote mbili. Aliye ghorofa ya 12 ana tangi mita tatu tu juu ya kichwa chake, sawa na baa 0.3, na hita ya bafuni haiwaki. Aliye chini ana karibu baa 4. Jengo likifika ghorofa 20, wa chini anapata zaidi ya baa 6, na zile hozi laini za sinki na choo hupasuka wenyewe wakiwa kazini. Ghorofa mbili au tatu za juu zipewe pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Za chini zipewe valvu ya kupunguza, iwekwe kwenye baa 3 hivi, na geji yake isomwe kila mwezi.

Kuhusu usalama wa maji yenyewe tutasema mawili. Tangi lisafishwe kila miezi sita: toa maji, sugua kuta, jaza tena na tia klorini miligramu 50 kwa lita. Kwa lita 10,000 hiyo ni gramu 500 za klorini halisi, ambazo ni kama gramu 770 za unga wenye asilimia 65. Fungua mabomba ya kila nyumba mpaka harufu ya klorini isikike, acha yalale usiku kucha, kisha mwaga yote na suuza kabla mtu hajanywa. La pili ni kisima. Wengi mnachimba kisima uani ili muepuke mgao. Ardhi yetu ya miteremko ya Meru ni ya volkano, na maji yake mengi yana madini ya floraidi, yale yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na yakizidi sana yanapinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiondoi floraidi. Kuchemsha kunaizidisha, kwa kuwa maji yanapungua na madini yanabaki. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, unaiondoa, lakini mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe. Pimeni kwanza maabara, ndipo muunganishe kisima na tangi la watoto wenu.

Maji yamepanda. Sasa yanashuka, na hapa ndipo ugomvi wa majirani unapoanzia.

Bomba kuu la maji machafu ni la inchi 4, na lazima lipande mpaka juu ya paa na kubaki wazi. Lile tundu la juu ni pua ya mfumo mzima. Mtu wa ghorofa ya tisa akivuta choo, maji yanashuka yakivuta hewa nyuma yake. Pua ikiwa imezibwa, hewa itatafutwa kwenye sinki lako. Maji machache yanayokaa ndani ya ule mkunjo wa bomba chini ya sinki, kimo cha sentimita 5 tu, ndiyo mlango unaozuia harufu. Yakinyonywa, nyumba inanuka na mwenye nyumba anamwaga dawa kila siku bila mafanikio. Dalili yake ni sauti ya glugluglu kwenye sinki wakati hakuna anayelitumia. Ukiisikia, panda paani kabla hujafungua sakafu. Mara nyingi utakuta fundi wa paa aliliziba tundu kwa lipu ili mvua isiingie, au ndege wamejenga kiota.

Nyumba za chini kabisa zisiunganishwe na bomba hilo karibu na kona yake. Maji yanayoanguka kutoka ghorofa 12 yakifika kwenye kona yanajikusanya na kusukuma hewa nyuma, kwa hiyo mama wa ghorofa ya chini anaona povu la sabuni ya watu wengine likipanda kwenye bafu lake. Zipeni nyumba hizo njia yao peke yake hadi chemba ya nje. Na kona yenyewe isiwe ya digrii 90. Wekeni mbili za 45. Kwa jengo lililokwisha kujengwa, kazi hiyo inawezekana na haina gharama kubwa kama mnavyodhani, kwa sababu mabomba mengi ya ghorofa ya chini yanafikika kutoka maegesho. Kuhusu kinachoziba, mnakijua: nepi, pedi, mafuta ya kukaangia yanayoganda yakipoa, na ukoko wa ugali.

Maji ya tatu ni ya mvua. Paa bapa la mita za mraba 500, mvua ya milimita 50 kwa saa, linapokea lita 25,000 ndani ya saa hiyo. Midomo ya mabomba ikizibwa na majani au mfuko wa nailoni, paa linageuka bwawa, na kila sentimita 10 za kina ni tani 50 juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo kabla ya Machi, kabla masika hayajaingia, midomo yote isafishwe, na ukuta wa pembeni utobolewe tundu la dharura juu kidogo ya usawa wa paa. Lipu ya paa iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 1.5 kwa kila mita. Ukitaka kujua kama zuio la maji, lile tabaka linalozuia maji kupenya zege, linafanya kazi, ziba midomo siku ya jua, jaza maji sentimita 5, subiri saa 48, halafu kagua dari la chini. Usiongeze kina, maana hizo nazo ni tani 25, na kama paa tayari lina nyufa muulize mhandisi kwanza. Jaribio hilohilo lifanyike kwenye kila bafu kabla ya vigae.

Kwa nini tunang'ang'ania doa la unyevu? Kwa sababu ndani ya zege kuna nondo. Maji yakifika, nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Inapanuka na kupasua zege kutoka ndani. Ufa unaofuata mstari wa nondo, wenye michirizi ya rangi ya udongo, haupakwi rangi. Unaitiwa mhandisi.

Huko Surfside, Florida, nchini Marekani, usiku wa tarehe 24 Juni 2021, sehemu kubwa ya jengo la makazi la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South ilianguka na kuua watu 98. Lilimalizika kujengwa mwaka 1981. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameandika kwamba zuio la maji chini ya eneo la bwawa la kuogelea limekufa na zege linaharibika, kwa kuwa sakafu ile ilijengwa bapa na maji hayakuwa na pa kwenda. Uchunguzi umeonyesha pia kwamba sakafu hiyo ilisanifiwa dhaifu tangu mwanzo. Wenye nyumba walijadili gharama kwa karibu miaka mitatu. Matengenezo makubwa yalikuwa ndiyo kwanza yanaandaliwa.

Na hapa tusisahau kuwa tunaishi karibu na Bonde la Ufa. Julai 2007, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa karibu 5.9 lilitokea upande wa Ziwa Natron na Ol Doinyo Lengai, likasikika hadi mjini hapa. Jengo ambalo ghorofa ya chini ni nguzo tupu za maegesho au vioo vya maduka, huku juu kuna kuta nzito, hukunjika pale chini likitikiswa. Mpangaji wa duka akiomba kuvunja ukuta apate nafasi, jibu ni hapana mpaka mhandisi wa miundo atie sahihi.

Lifti. Watu huogopa itaanguka. Ajali hiyo ni adimu mno, kwa sababu tangu Elisha Otis alipoonyesha breki yake ya usalama mjini New York mwaka 1854, lifti hubeba chini yake meno yanayouma reli ikienda kasi kupita kiasi. Watu hufa kwa sababu nyingine: mlango wa nje unafunguliwa kwa nguvu, lifti haipo, mtu anatumbukia. Kwa hiyo mkikwama ndani, bonyezeni kengele, kaeni chini, subirini. Hewa haitaisha.

Anayewatoa awe amefundishwa, na wawe wawili. Kwanza wanazima umeme wa lifti na kufunga swichi kwa kufuli. Pili, wanahakikisha milango ya ghorofa zote imefungwa. Tatu, wanaachia breki kidogo kidogo kwa mkono. Sasa lifti yenye abiria mmoja au wawili itapanda, haitashuka. Mzigo wa kusawazisha, ulioning'inia upande wa pili wa kamba, unalingana na uzito wa kibanda pamoja na karibu nusu ya abiria wanaoruhusiwa, kwa hiyo kibanda chepesi huvutwa juu. Mlinzi asiyejua hili huingiwa na hofu na kufanya kosa.

Hitilafu nyingi za lifti ni za milango. Mchanga na saruji ya mtu anayekarabati nyumba yake huingia kwenye mfereji wa kizingiti, mlango hauzibi sawasawa, na lifti inakataa kuondoka. Vifaa vya ujenzi vipande kwa saa maalumu, kibanda kikiwa kimevikwa mbao, na kizingiti kifagiliwe hapohapo. Shimo la chini ya lifti nalo likaguliwe kila wiki wakati wa masika; tumeshasema kila kitu kinarudi kwenye maji.

Moto unaenda kinyume na maji: moshi hupanda. Ngazi ndefu za magari ya zimamoto kwa kawaida hufika mita 30 hivi, yaani ghorofa ya tisa au ya kumi. Aliye juu zaidi anategemea jengo lenyewe. Bomba la zimamoto ndani ya ngazi lijaribiwe kwa msukumo kila mwaka, na vifuniko vyake vya shaba vihesabiwe, kwa kuwa huibwa na kuuzwa chuma chakavu. Milango ya ngazi ijifunge yenyewe. Jiwe lililowekwa kuishikilia liondolewe. Mageti ya chuma yanayofungwa kwa kufuli kwenye kila ghorofa yaondolewe pia. Tunaelewa mnaogopa wezi, lakini usiku wa moshi ufunguo hauonekani. Pale mabomba na nyaya zinapotoboa sakafu kutoka ghorofa hadi ghorofa, pazibwe kwa saruji au kizuizi cha moto, maana tundu hilo ni bomba la moshi. Mitungi ya gesi ikae kwenye baraza yenye hewa, isiwekwe kamwe kwenye maegesho ya chini ya ardhi: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama kama maji.

Tarehe 14 Juni 2017, Grenfell Tower ya London, ghorofa 24 na ngazi moja tu, iliungua baada ya jokofu kushika moto jikoni ghorofa ya nne. Walikufa watu 72. Moto ulitoka dirishani na kupanda kwenye paneli za nje zenye plastiki katikati ya bati mbili za alumini, zilizofungwa katika ukarabati wa mwaka mmoja nyuma. Wakazi waliambiwa wabaki ndani. Ushauri huo ulibadilishwa saa nane na dakika 47 usiku, karibu saa mbili baada ya simu ya kwanza. Paneli za kung'aa zinapendwa sana mjini kwetu. Kabla ya kuzibandika, dai cheti cha kiini chake: plastiki tupu, au madini yasiyowaka? Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandikwe kwenye kila ghorofa.

Yote haya yanataka fedha, na fedha haichangwi siku ya msiba. Sheria Namba 16 ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inawaweka wamiliki wote katika umoja wao, wenye wajibu juu ya maeneo ya pamoja. Hesabu ni rahisi: gawa bei ya kifaa kwa miezi ya uhai wake, kisha kwa idadi ya nyumba. Bei hizi ni za kufundishia tu. Pampu za shilingi milioni 6 za kudumu miaka 10, kwa nyumba 48, ni shilingi 1,042 kwa mwezi kwa kila nyumba. Zuio la maji na rangi vya milioni 60 kwa miaka 10 ni 10,417. Lifti ya milioni 150 kwa miaka 20 ni 13,021. Jumla haifiki 25,000 kwa mwezi. Akaunti ya akiba hii itengwe na ile ya mlinzi, usafi na umeme wa ngazi, na isiguswe bila sahihi tatu.

Ndugu mwenyekiti, tumemaliza ya kusema. Fundi ameshafungua chumba cha pampu huku chini na mfuniko wa tangi uko wazi. Tushuke kwa ngazi, tukihesabu njiani milango inayojifunga na isiyojifunga, kisha kila mmoja aisome geji kwa macho yake.